Mtoto Hana Akili, au Hajafundishwa?



Kila mwisho wa mwaka wa masomo, buleteni zikishagawiwa, maneno katika vijiji na bloku zetu ni yale yale. "Huyu mutoto hana kichwa." "Huyu amefuata wajomba zake, kwao hakuna aliyesoma." Mtoto aliyepata asilimia 38 anachapwa, au anachekwa na wadogo zake, au anaambiwa: mwaka ujao utabaki nyumbani, utasaidia kuchota maji na kutafuta kuni. Na tukisema ukweli, msichana ndiye wa kwanza kuambiwa hivyo. Miaka miwili baadaye ana mtoto mgongoni, na hakuna tena anayekumbuka kwamba yote yalianza na karatasi moja ya alama.

Mwezi huu tunamwomba kila mzazi aulize swali moja kabla ya kutoa hukumu ya namna hiyo. Huyu mtoto alifundishwa namna gani?

Hatuulizi hivyo ili tuwatupie walimu lawama. Walimu wetu ni ndugu zetu, na shida zao tutazieleza hapa chini. Tunauliza kwa sababu jambo hili limepimwa katika nchi nyingi, hata katika nchi hizi za jirani. Ni kweli kwamba njaa, malaria na ugomvi wa nyumbani vinamrudisha mtoto nyuma. Lakini katika yale yaliyo ndani ya shule yenyewe, hakuna linalogusa masomo ya mtoto kama kazi ya mwalimu mbele ya darasa.

MADARASA MAWILI, SOMO MOJA

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mapacha wawili, Amani na Furaha. Wanalala nyumba moja, wanakula posho moja, wanaamka saa moja. Wote wako mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kwa kuwa watoto ni wengi, darasa limegawanywa: Amani yuko A, Furaha yuko B. Leo somo ni sehemu katika hesabu: nusu, theluthi, robo.

Katika darasa A mwalimu anaingia, anaandika kichwa cha somo kwa Kifaransa, anaandika maelezo yake, halafu anajaza tablo lote mpaka chini. Watoto wanakopia ndani ya kaye. Anapomaliza anageuka na kuuliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Ndiyooo, mwalimu!" Kengele inalia. Jioni ukifungua kaye ya Amani utafurahi, mwandiko ni mzuri na kurasa zimejaa. Ukimwuliza robo ni nini, anatazama chini.

Katika darasa B watoto ni wengi vile vile, tablo limepauka vile vile, na kitabu ni kimoja tu, cha mwalimu. Lakini mwalimu huyu amekuja na maharage 12 katika mfuko wa shati. Anawaita watoto wanne mbele, anawaambia wagawane sawasawa. Kila mmoja anapata 3. "Basi hii ndiyo robo ya 12," anasema kwa Kiswahili, kisha anawapa neno la Kifaransa na wanalirudia. Halafu anauliza: "Na robo tatu ya 12 ni ngapi?" Mtoto mmoja anajibu: "Tatu!" Mwalimu hamchapi, wala hamwambii akae chini. Anamwuliza: "Umefikaje hapo?" Mtoto anaeleza, na hapo mwalimu anagundua kwamba amehesabu robo moja tu. Wanahesabu tena pamoja, wanapata 9. Dakika tano za mwisho kila mtoto anafanya hesabu moja peke yake, na mwalimu anapita kati ya mabenchi akitazama. Anaona saba bado hawajashika. Kesho ataanza na hao.

Hapo tufikirie siku mia mbili za namna hii upande wa Amani, na siku mia mbili upande wa Furaha. Mwisho wa mwaka mmoja ataitwa mwenye akili na mwingine ataitwa mjinga. Nao walizaliwa siku moja, na mama mmoja.

WALIOPIMA WAMEONA NINI?

Wengi wetu tunaamini kwamba shida kubwa ya shule za kambini ni wingi wa watoto darasani na ukosefu wa vitabu. Ni shida kweli. Lakini tusikilize yaliyoonekana Kenya magharibi.

Mwaka 2005 watafiti walianza kazi katika shule za msingi za huko. Kamati za shule zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Madarasa yaliyokuwa na wastani wa watoto 82 yakashuka hadi 44. Ungetegemea watoto wote wapande, si ndiyo? Haikuwa hivyo. Watoto waliobaki na walimu wao wa zamani hawakupanda kwa kiasi cha kuonekana, hata baada ya darasa kupungua karibu nusu. Waliopanda ni wale waliofundishwa na walimu wapya wa mkataba. Sababu moja ni kwamba walimu wale wapya walikuwepo darasani mara nyingi zaidi, wakati baadhi ya walimu wa zamani, walipoona msaidizi amekuja, walilegeza kazi. Na pale ambapo wazazi katika kamati ya shule walifundishwa namna ya kufuatilia, ule ulegevu ulipungua.

Jambo moja tusilisome vibaya. Walimu wale wa mkataba walilipwa kama robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Asije mtu akasema: kumbe malipo madogo yanatosha! Habari hii inatuambia kitu kingine: mwalimu aliyetoka mahali pale pale, asiye na cheo kikubwa, anaweza kumfundisha mtoto vizuri akiwepo, na akijua kwamba wazazi wanaangalia.

Na vitabu? Huko huko Kenya magharibi shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vitabu viliwasaidia watoto ambao tayari walikuwa mbele. Wengine walibaki pale pale. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma. Sisi ambao watoto wetu wanapewa kitabu cha Kifaransa tunaelewa haraka maana ya jambo hilo. Kitabu kinamhitaji mwalimu wa kukifungua.

Hapa Tanzania nako, mwaka 2013 na 2014, utafiti ulifanywa katika shule 350 za msingi. Shule nyingine zilipewa fedha za matumizi peke yake, na nyingine zilipewa fedha pamoja na zawadi kwa walimu kufuatana na watoto waliofaulu. Fedha peke yake hazikupandisha alama. Fedha pamoja na kuwatia moyo walimu, zilipandisha.

Mwisho tuangalie saa za kazi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006, watu walitembelea shule za nchi 6 bila kutoa taarifa. Kwa wastani walimu 19 kati ya 100 hawakuwepo shuleni siku hiyo, na nchini Uganda walikuwa 27 kati ya 100. Uchunguzi mwingine katika nchi 7 za Afrika, uliotangazwa mwaka 2017, uliona kwamba mtoto anafundishwa kwa kweli kama saa 2 na dakika 50 tu kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu ya muda uliopangwa. Mtoto anatoka nyumbani asubuhi, anarudi amechoka, na nusu ya siku imepita hewani.

KUMFUATA MTOTO PALE ALIPO

Kambini tuna shida nyingine ambayo shule nyingi za nje hazina kwa kiasi hiki. Katika darasa moja utakuta mtoto wa miaka 8 na kijana wa miaka 14. Mmoja amesoma bila kukatika, mwingine alikaa miaka miwili msituni na njiani. Mwalimu akifundisha ukurasa ulioandikwa katika programu tu, huyu kijana hatashika chochote. Ataona haya, ataacha, na tutamkuta sokoni anabeba mizigo.

Katika utafiti ule wa Kenya magharibi, baadhi ya shule ziligawa watoto wa mwaka wa kwanza katika madarasa mawili kulingana na kiwango chao. Baada ya miezi 18 watoto wa makundi yote mawili, wenye nguvu na wanyonge, walikuwa mbele kuliko wenzao wa shule ambazo hazikugawa hivyo. Huko India shirika la Pratham limetumia kwa miaka mingi njia inayofanana: kwa sehemu ya siku watoto wanakaa kwa vikundi, si kwa umri bali kwa kile wanachoweza kusoma. Anayejua herufi tu anaanza na herufi. Anayesoma maneno anapewa sentensi. Mwalimu anawapima mara kwa mara, na anayepanda anahamishwa.

Njia hii haidai fedha nyingi. Inadai mwalimu awajue watoto wake mmoja mmoja, na ajipe ruhusa ya kurudi nyuma kidogo ili waende mbele pamoja.

Suala la lugha linaingia hapa pia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kumweleza mtoto jambo gumu kwa Kiswahili ili alishike si kosa, wala si uvivu. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na ule mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari, vinamsubiri kwa Kifaransa. Mwalimu mwenye ujuzi anafanya yote mawili: anafungua mlango kwa lugha ya nyumbani, halafu anamvusha mtoto kwenda lugha ya mtihani, neno kwa neno. Anayeshika Kifaransa tu kuanzia siku ya kwanza anawaacha wengi nje. Anayebaki na Kiswahili tu mpaka mwisho anawapeleka mtihanini mikono mitupu.

UTAMTAMBUAJE MWALIMU ANAYEFUNDISHA?

Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kutambua. Angalia haya:

1. Yupo, na anaanza kwa saa. Akiumwa anatoa taarifa, na watoto wanapata mtu wa kukaa nao.

2. Ameandaa somo lake kabla ya kuingia. Anajua anachotaka watoto waweze kufanya kengele ikilia.

3. Anauliza mtoto mmoja mmoja, hata wale wa nyuma, hata wasichana walionyamaza. Hatosheki na ile "ndiyo" ya darasa zima.

4. Anasahihisha kaye. Alama nyekundu zinazoonyesha kosa liko wapi zina faida kuliko "vizuri" iliyoandikwa bila kusoma.

5. Anawajua kwa majina, na hafundishi kwa fimbo. Watoto wetu wengi wameona mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyaona. Kichwa chenye hofu hakishiki hesabu. Mtoto anayeogopa kuchapwa hataonyesha kosa lake, na kosa lisiloonekana halisahihishwi.

Na kuna jambo moja ambalo si la kusubiri. Mwalimu anayeomba fedha, kazi za nyumbani kwake au mapenzi ili atoe alama, huyo hafundishi, anaharibu. Mzazi, usilimalize jambo hilo kimya kimya kwa mbuzi au kwa sabuni. Lipeleke kwa mkurugenzi wa shule, kwa ofisi ya ulinzi wa watoto, au katika sanduku la malalamiko. Binti akikueleza habari ya namna hiyo, mwamini kwanza.

MWALIMU NAYE NI MKIMBIZI

Sasa tugeuke upande wa pili. Mwalimu wa mtoto wako anapanga foleni ya posho kama wewe. Halipwi mshahara, anapewa motisha, ile tunayoiita insentivu, na ni ndogo kuliko malipo ya mwalimu wa nje mwenye kazi ile ile. Wengine walimaliza humanite za pedagojia Kongo na wanajua kazi. Wengine walimaliza sekondari hapa hapa kambini, na baada ya siku chache za mafunzo wakapewa chaki. Mwalimu mzoefu akipata ndege ya kwenda nchi ya tatu katikati ya mwaka, nafasi yake inachukuliwa na kijana ambaye jana alikuwa mwanafunzi.

Kijana huyo hahitaji kudharauliwa. Anahitaji mwalimu mkubwa wa kukaa nyuma ya darasa lake, amtazame, halafu jioni amwambie kwa upole: hapa ulifanya vizuri, pale ungewapa watoto muda wa kujibu. Semina ya siku tatu ukumbini inasaidia, lakini ufundi wa kazi unashikwa kwa kutazamwa na kusahihishwa ndani ya darasa lenyewe, kama fundi cherehani anavyomfunza mwanafunzi wake. Shule ambazo walimu wake wanakaa pamoja mara moja kwa juma, wanaandaa somo gumu pamoja na kuambiana ukweli, hazitumii hata shilingi moja zaidi.

Hayo tunayaomba wakurugenzi wa shule na mashirika yanayosimamia elimu wayafikirie. Kabla ya kupaka rangi jengo, ulizeni mwalimu mpya anasaidiwa na nani.

MZAZI AFANYE NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hawezi, na mzazi peke yake hawezi. Haya yanawezekana hata kwa familia isiyo na senti:

Mpeleke mtoto kila siku. Tunalalamika mwalimu kukosa, na sisi siku ya posho tunawabakiza watoto wakabebe unga. Mtoto akikosa siku mbili kila mwezi, kwa miezi kumi amekosa siku ishirini, karibu mwezi mzima wa masomo. Jirani mmoja anaweza kubaki na wadogo wa familia tatu, wengine waende foleni.

Badilisha swali la jioni. Usiulize tu, "Umesoma?" Uliza, "Leo umejifunza nini? Nionyeshe." Mtoto akikufundisha wewe, hata kama hujui kusoma, anakumbuka. Akijibu kila siku, "Leo tulikopia tu," hapo una habari ya kupeleka shuleni.

Nenda kamwone mwalimu mapema, si siku ya buleteni. Nenda mwezi wa pili wa masomo. Anza kwa shukrani: "Mwalimu, asante kwa kazi. Mtoto wangu anashindwa wapi? Nimsaidie namna gani?" Mwalimu anayeulizwa hivyo na wazazi kumi ataandaa somo lake kwa namna nyingine kesho.

Ingia katika kamati ya wazazi. Tusiiache kuwa ya watu watatu wanaotafuta cheo. Iulize kila mwezi mambo mawili: walimu walikuwepo siku ngapi, na watoto wangapi wa mwaka wa tatu wanaweza kusoma fungu moja fupi na kueleza maana yake. Maswali haya mawili yana nguvu kuliko hotuba.

Mheshimu mwalimu mbele ya mtoto. Ukiwa na neno naye, mwambie yeye, faraghani. Mtoto anayesikia mwalimu wake akitukanwa jikoni hatamsikiliza kesho.

Na mtoto akirudia mwaka, uliza anarudia na mwalimu gani, na kwa njia gani. Kurudia somo lile lile kwa namna ile ile ni kupoteza mwaka wa pili.

TUZUNGUMZE NYUMBANI

Jioni moja mwezi huu, mkikaa baada ya chakula, mzazi ajaribu maswali haya na watoto wake:

Ni mwalimu gani unayemwelewa zaidi? Anafanya nini ambacho wengine hawafanyi?

Usipoelewa darasani, unaweza kuuliza bila kuogopa?

Kuna somo gani ambalo uliachwa nyuma tangu zamani, na ukaona haya kusema?

Sikiliza majibu bila kukatiza. Huenda ukasikia kwamba yule uliyemwita mjinga aliachwa njiani tangu mwaka wa pili, wakati wa kujifunza kutoa kwa kukopa, na tangu siku ile hakuna aliyerudi kumchukua. Hilo ni pengo, na pengo linazibwa. Tumekuja hapa na mabegi madogo, na wengine bila hata begi. Tukirudi nyumbani, au tukienda mbali zaidi, kile mtoto alichokishika kichwani hakipimwi kwenye mizani na hakuna anayeweza kumnyang'anya njiani. Kabla ya kusema hana akili, twende tukatazame anavyofundishwa.